Mheshimiwa wa Chemchemi, Yu Hai au Kafa?

Pale Kwamndolwa, ukiteremka kidogo kutoka barabarani kwenda upande wa mashine ya kusaga, kuna benchi refu lililotengenezwa kwa mlango wa zamani wa ghala la mkonge. Mlango huo haufungi tena kitu, na midomo ya wanaoukalia haifungiki kabisa. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa la Mzee Sabiri na birika lake la shaba. Kando kuna cherehani ya Shadya, chini ya turubai. Wanaokaa hapo wana majina ya kwenye vitambulisho na majina ya kijiweni, na ya kijiweni ndiyo yanayofanya kazi. Shadya ni Mtangazaji, kwa kuwa sauti yake ndiyo inayowasomea. Clinton wa bodaboda ni VAR, maana hakuna neno linalopita bila yeye kutaka lirudiwe. Babu Mhina, aliyestaafu shamba la mkonge, ni Wahenga. Ana methali ya kila jambo, ila kila moja huipachika pasipo pake. Kiseyian, mfugaji wa upande wa Handeni, ni Kilometa, kwa sababu ukimuuliza kwenu wapi atakujibu "hapo tu", nawe utatembea mpaka viatu viombe talaka. Mzee Sabiri peke yake hana jina la kijiweni. Yeye ndiye mwenye kahawa, na mwenye kahawa hataniwi.

Alhamisi hiyo Kiseyian alifika kabla kahawa haijachemka. Alikuwa amevuka mto na ng'ombe wa kuuza, akawauza haraka haraka kwa bei ambayo baba yake angeipigia kelele, akaja mbio kijiweni na shuka yake begani.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, Kiseyian. Ng'ombe hawajambo?

– Hawajambo. Kitabu kipo?

– Kitabu kitakwenda wapi? Hakina miguu. Watoto hawajambo?

– Hawajambo. Mtangazaji yupo?

Mzee Sabiri akacheka, akapuliza mkaa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha pili. Cha kwanza, *Ziwa la Juu*, walikisoma masika yote. Kilikuwa hadithi ya miungu waishio juu ya mlima, wanaogombania maji huku watu wa bondeni wakifa kwa kiu. Siku ya kwanza tu, Shadya alipotamka neno "miungu", Mzee Sabiri aliinua koleo la mkaa. "Mungu ni mmoja," akasema. "Hao wengine mtawaita waheshimiwa, ama mkasomee kwingine." Kuanzia hapo kila palipoandikwa mungu, Shadya alisoma mheshimiwa, na haki ya Mungu neno liliwakaa barabara. Waheshimiwa walisinzia vikaoni, walirushiana maneno, na jambo likiwa zito waliunda kamati.

Mdogo kuliko wote alikuwa mheshimiwa wa chemchemi, Naluwa. Mheshimiwa wa Radi alipoamua kuyafungia maji yote mlimani, wakubwa wakanywea, yeye akasema hapana. Mwisho wa kitabu aliingia ziwani peke yake ili alipasue chini, maji yawafikie watu wa bondeni. Yakawafikia. Ziwa likajifunga juu yake. Siku waliposoma hapo VAR alivaa miwani ya jua na mawingu yametanda. Babu Mhina alikosa methali. Mzee Sabiri alisema moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa limeshazimika.

Kiseyian alirudi kwao siku ile, akakuta mkewe Nkoile amejifungua mtoto wa kike. Jina likamjia palepale, hakulitafuta. Nkoile alilipenda, maana linafanana na majina ya wasichana wa kwao. Lakini mama yake Kiseyian, Noonkipa, akauliza:

– Ni jina la nani?

– La mwanamke mmoja wa upande wa Korogwe. Aliwapa watu maji.

– Yu hai?

– Nitauliza, yeyo, akamjibu mama yake.

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Kwao, mtu akifa kijana bila kuacha mtoto, jina lake huzikwa naye. Halitajwi tena bomani, wala hapewi mtoto. Kwa hiyo Kiseyian aliwaomba wenzake wa kijiweni wasilitaje jina la mheshimiwa yule mpaka ijulikane kama kafa au yu hai, nao wakakubali, wakidhani ni msiba tu umemwingia. Wakawa wanamwita Yule. Kuhusu mtoto hakuwaambia. Aliona haya. Na sasa sherehe ya jina ilikuwa Jumamosi, keshokutwa yake. Wazee wangekaa, wangeuliza jina ni la nani, naye angepaswa kuwatazama usoni na kujibu.

Kitabu cha pili, *Mvua ya Kisasi*, kilikuja kwa basi kutoka Tanga. Kililala katika kabati la kashata la Mzee Sabiri, na kulikuwa na sheria moja: birika moja, sura moja. Kahawa ikiisha, kitabu kinafungwa. Hakuna kutangulia, hakuna kuchungulia. Sura zote zilizokwisha kusomwa zilikuwa za vita na karamu za Mheshimiwa wa Radi. Yule hakutajwa hata kidogo.

– Leo atatokea, VAR alisema akiegesha pikipiki. Nawaambia, leo anaingia uwanjani. Mwandishi alimweka benchi makusudi.

– Kaa chini wewe, akasema Babu Mhina. Kawia ufike, lakini usikawie kukaa.

Shadya akaacha kushona, akanawa mikono, akapokea kitabu kwa mikono miwili. Vikombe vikajazwa. Akaanza.

Ilikuwa sura ya wachungaji. Walikuwa wakipita na mbuzi kandokando ya ziwa lililokauka, mmoja akakanyaga tope. Tope, mahali ambapo kwa miezi hapakuwa na hata unyevu! Kiseyian aliweka kikombe chini. Shadya akapunguza sauti kama afanyavyo pakinoga: wachungaji wakainama, wakaona nyayo. Nyayo za mtu mmoja, pekupeku, zikitoka katikati ya ziwa. Zilikuja hatua chache kuelekea ufukoni, kisha zikakoma. Hapakuwa na za kurudi.

Shadya akafunga kitabu.

– Aaaah! VAR alisimama juu ya benchi. Sikusema? Sikusema mimi? Yu hai! Mwanamke yu hai!

– Shuka juu ya benchi langu, alisema Mzee Sabiri, lakini na yeye alikuwa akimimina bila kutazama, kahawa ikamwagikia makaa.

– Dada Shadya, soma tena hapo, akaomba Kiseyian. Kisigino kilizama zaidi, au vidole?

– Haijaandikwa.

– Inaachaje kuandikwa? Kisigino kikizama anatembea, vidole vikizama anakimbia. Huyu mwandishi hajawahi kupotelewa na ng'ombe!

– Sasa nisikilizeni, akasema VAR. Turudie tukio taratibu. Nyayo zinakuja, zinakuja, paap, zinakoma. Nyayo za mtu zinakoma wapi? Zinakoma pale alipopanda. Kapanda bodaboda.

– Kwenye kitabu hicho hakuna bodaboda.

– Basi kapanda kitu. Tembo, upepo, mimi sijui. Lakini ameshaondoka. Na Mheshimiwa wa Radi hana habari, yuko anakula pilau. Atafungwa goli dakika za majeruhi, mtaniambia!

– Hakupanda chochote, akasema Babu Mhina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yule aliinama.

– Aliinama vipi, babu?

– Akatambaa. Mtu akitambaa anaacha nyayo?

– Anaacha magoti!

– Tope zito hilo, magoti hayaonekani.

– Babu, Mheshimiwa anatambaa kwenye tope?

– Umaskini si kilema, mjukuu wangu.

Shadya alikuwa ametulia akitafuna kashata, na Shadya akitulia ujue ana jambo.

– Nyie wote mmepotea, akasema. Hizo nyayo hakutoka nazo. Aliingia nazo.

– Hee!

– Alitembea kinyumenyume. Ili Radi akija aone mtu ametoka, amtafute nchi kavu, kumbe mwenzake yuko chini ya ziwa ametulia. Mimi ningefanya hivyohivyo. Wanaume mkidanganywa na nyayo hamwangalii kitu kingine.

– Kwa hiyo zinakoma pale kwa sababu ndipo alipoanzia? Aliteremka kutoka wapi? Kutoka juu?

– Ni mheshimiwa, Clinton. Sasa atashindwa kuteremka?

VAR akashika kichwa. Kiseyian naye akashika chake, lakini kwa sababu nyingine. Kama Shadya alisema kweli, basi Yule bado alikuwa ziwani, na aliye ziwani mtu hawezi kuapa kwamba yu hai.

– Kwetu Bungu, akasema Mzee Sabiri polepole.

Wote wakamgeukia. Mzee Sabiri huwa hatoi maoni juu ya waheshimiwa. Humimina tu.

– Kwetu Bungu maji yanaweza kuzama hapa, yakapita chini ya mlima, yakatokea shamba la mtu mwingine ng'ambo. Ukiyatafuta pale yalipozamia utachimba mpaka uchoke. Mimi nasema tu habari ya maji.

– Kwa hiyo Yule kazama ardhini katokea kwingine?

– Nasema habari ya maji.

– Katokea wapi, mzee?

Mzee Sabiri akafuta kikombe, akakitazama kwenye mwanga.

– Bomba la hapo chini lilikuwa kavu tangu lini? Na juzi limeanza kutoa maji.

– Mzee! Unataka kusema Mheshimiwa kaja kutokea bombani kwetu, Kwamndolwa?

– Mimi sijasema. Nimesema bomba linatoa maji.

Kijiwe kikalipuka. VAR alitaka kwenda kuliangalia bomba saa ileile. Babu Mhina akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, kwa hiyo kama Yule yumo bombani basi wenye ndoo wote wamepona. Shadya akacheka mpaka akakaa chini. Kiseyian alicheka pia, hakuweza kujizuia. Furaha ya watu hawa ilikuwa ikimpanda kichwani kila mara, akasahau njia ndefu aliyokuja. Kisha Babu Mhina akasema:

– Lakini huyo binti kujificha kumemponza. Mficha uchi hazai. Ndiyo maana hana mtoto.

Kicheko cha Kiseyian kikakatika.

– Nani kasema hana mtoto?

– Umesikia ana mtoto?

– Sijasikia kwamba hana.

– Kilometa, mbona umekunja uso? Ni methali tu.

Kiseyian akainuka, akazunguka jiko, akarudi. Birika lilikuwa limeinamishwa kwa vikombe vya mwisho. Akaona akinyamaza sasa atanyamaza mpaka Jumamosi, na Jumamosi atasimama mbele ya wazee kama mti.

– Tufungue mwisho, akasema.

– Mwisho wa nini?

– Wa kitabu. Ukurasa wa mwisho. Tujue kama yu hai.

Ungedhani ametukana mzazi wa mtu. VAR alishuka kwenye benchi kwa mara ya kwanza bila kuamriwa.

– Oyaa, unataka kutuambia matokeo kabla ya mechi?

– Huo ni wizi, akasema Shadya, akikikumbatia kitabu. Mwandishi ameteseka kuandika katikati yote, wewe unaruka!

– Haraka haraka haina baraka, akasema Babu Mhina, na kwa mara moja katika maisha yake methali ilikaa mahali pake, ndiyo maana hakuna aliyeitambua.

– Sheria ni sheria, akasema Mzee Sabiri. Birika moja, sura moja.

– Nina mtoto, akasema Kiseyian.

– Sote tuna watoto.

– Nina mtoto mchanga wa kike. Anapewa jina keshokutwa. Nimemwahidi mama yake jina la Yule. Kama Yule kafa na hakuacha mtoto, kwetu siruhusiwi. Jina limezikwa. Na mama yangu anadhani Yule ni mtu wa kweli wa hapa Korogwe, kila nikirudi ananiuliza, umemwona? Yu hai? Nami namwambia bado nauliza. Ndiyo maana nakuja hapa. Sikuwaambia kwa sababu niliona aibu.

Hata VAR hakuomba tukio lirudiwe. Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja.

– Mtoto! Kilometa ana mtoto na hakusema!

– Hongera, baba! Mama yake hajambo?

– Mtoto anaitwa jina la Yule, jamani! Nywele zimenisimama, tazameni mkono wangu!

Mzee Sabiri peke yake hakushangilia. Aliweka koleo chini, akaweka mikono magotini.

– Kiumbe cha Mwenyezi Mungu, akasema, kumpa jina la sanamu.

– Si sanamu, mzee. Ni mheshimiwa. Mwenyewe ulisema.

– Nilisema kwa ajili ya kusoma, si kwa ajili ya kuita watoto.

– Mzee, akasema Kiseyian, sitaki aabudiwe. Nataka msichana wangu awe na jina la mtu aliyesema hapana wakati wakubwa wamenyamaza. Sisi kiangazi tunayajua maji. Aliyewapa watu maji, mimi namheshimu, awe wa kweli awe wa hadithi.

Mzee Sabiri akaokota koleo, akayapanga makaa.

– Mtoto ana afya?

– Ana afya sana.

– Ananyonya?

– Mpaka mama yake analia.

Mzee akainua birika, akalitikisa. Lilikuwa jepesi.

– Sheria ilikuwa birika moja, sura moja, akasema. Birika limekwisha. Hapa katikati, kabla sijaweka jingine, sioni sheria yoyote. Mtangazaji, fungua.

Shadya akafungua ukurasa wa mwisho. VAR alifumba macho, akayafumbua, akafumba moja. Babu Mhina alishika bega la Kiseyian. Shadya akasoma: Mheshimiwa wa Radi yuko peke yake ukumbini, jeshi lake limetawanyika, taa zimezimwa na upepo. Mvua inanyesha nje, mvua ambayo hakuiamuru. Anasikia hatua ukumbini. Anauliza, nani? Mlango unafunguka. "Nimerudi," ikasema sauti.

– Endelea!

– Basi.

– Basi nini?

– Basi, ndiyo mwisho. Hapa chini ni jina la mchapishaji.

Kelele iliyopigwa ilimtoa mwenye mashine ya kusaga nje, akidhani kuna nyoka.

– Ni yeye! VAR alipiga ngumi hewani. Nimerudi! Nani mwingine aliondoka?

– Mdogo wake Radi naye aliondoka, akasema Shadya. Sura ya pili. Alifukuzwa.

– Huyo hana sauti!

– Ana sauti nene. Imeandikwa sauti tu. Ya kike au ya kiume?

– Mvua inanyesha, Shadya! Nani analeta mvua?

– Au ni Radi mwenyewe, akasema Babu Mhina.

– Radi yuko ndani, babu. Yeye ndiye anayesikia!

– Roho yake ndiyo imerudi. Mwili ulikuwa ukumbini, roho ilikwenda kutembea. Damu nzito kuliko maji.

– Mimi nitawaambia kitu kimoja, VAR akasema, na jasho lilikuwa likimtiririka. Aliyesema "nimerudi" ni mwandishi. Yeye mwenyewe! Kaingia kwenye hadithi. Na mwandishi ni Yule! Jina la kwenye jalada ni la kuazima. Kitabu chote kimeandikwa na Mheshimiwa wa Chemchemi, ndiyo maana hajitaji!

Hapo hata Mzee Sabiri aliguna. Shadya akachomoa simu, akampigia muuza vitabu wa Tanga, akaweka sauti kubwa. Cha tatu kipo? Muuza vitabu akasema cha tatu hakijatoka, mwandishi ndiyo kwanza anaandika, na kwa taarifa yao watu wa Tanga nao wamemsumbua kwa swali hilohilo wiki nzima. Simu ikakatwa.

Walikuwa wamevunja sheria yao, wameula mwisho kabla ya katikati, na hawakujua lolote zaidi ya mwanzo. Kiseyian alikaa. Aliona kesho yake, na Jumamosi yake, na uso wa Nkoile. Akainua macho, na kule barabarani akamwona mama yake.

Noonkipa alikuwa akija kwa mwendo wake wa kutosubiri mtu, shanga zikicheza shingoni, kibuyu kimefungwa ubavuni kwa ukanda. Nyuma yake alikuwa Nkoile na mtoto mgongoni, na mfuko wa sukari kichwani. Walikuwa wamekuja mjini kununua vitu vya sherehe, hilo Kiseyian alilijua. Kwamba wangefika mpaka kijiweni hakulijua. Akatamani kuingia chini ya cherehani.

– Takwenya, yeyo, akamwamkia kwa Kimaasai.

– Iko.

– Shikamoo, mama, wakasema wengine.

– Marahaba.

Akawatazama mmoja mmoja, akatazama benchi, jiko, cherehani. Akafungua ukanda wa kibuyu, akakishika kwa mikono yote miwili mbele yake.

– Nimekuja kumwona mwenyewe, akasema. Mtoto hawezi kuchukua jina la mtu, bibi yake asije kumsalimia. Nimemletea maziwa. Yuko wapi somo wa mjukuu wangu?

Watu ambao dakika chache zilizopita walikuwa na majibu mpaka ya bombani, wote walitazama chini.

– Yuko wapi? Au amekufa?

– Hatujui, mama, akasema VAR, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Tumesoma mpaka mwisho, hatujui.

– Mmesoma?

Kiseyian akasimama. Akamwambia mama yake kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili ili na wenzake wasikie, kwamba Yule si mtu wa Korogwe. Ni mtu wa kitabuni. Alimsikia hapa, kwenye benchi hili, akisomwa na dada huyu. Akaongeza kwamba hakutaka kumdanganya. Alitaka tu kuwa na jibu kwanza. Akangoja kukaripiwa.

Noonkipa akanyoosha mkono. Shadya akampa kitabu. Akakigeuza, akakipima uzito, akakinusa.

– Yumo humu?

– Yumo, yeyo.

– Na maji aliwapa watu?

– Aliwapa. Aliingia ziwani ili wa bondeni wapate.

– Walimwomba?

– Hawakumwomba. Hata hawakumjua.

Mtoto akajinyoosha mgongoni mwa Nkoile, akalala tena. Ndipo Noonkipa akauliza kama watu wanavyouliza wakifika penye msiba, taratibu, bila kumlaumu mtu:

– Ameacha nani?

Walijua rangi ya bangili zake, walijua wimbo aliouimba akiingia majini, na wangeweza kubishana mpaka kesho juu ya kisigino chake. Lakini swali hilo halikuwa limempitia hata mmoja wao. Babu Mhina alifungua kinywa, methali haikutoka. Shadya alishika kipande cha kitambaa, akakiweka machoni. VAR alitafuta miwani yake ya jua mfukoni, hakuiona.

Mzee Sabiri akainuka. Alisimama na birika tupu mkononi.

– Ametuacha sisi, mama.

Noonkipa alimtazama, akawatazama wote tena, na safari hii alichukua muda wake. Kisha akainama, akaokota vikombe vidogo vya kahawa, akavipanga pembezoni mwa benchi, akafungua kibuyu. Maziwa yalitoka mazito, yakinuka moshi mtamu. Cha kwanza akampa Mzee Sabiri, cha pili Babu Mhina, akaendelea hivyo mpaka kila mmoja akawa na chake.

– Basi ana watu, akasema. Mwenye watu jina lake halizikwi. Kunyweni.

Wakanywa. Hakuna aliyesema neno mpaka vikombe vilipokuwa vitupu.

– Na Jumamosi mje nyote, akasema Noonkipa akifunga kibuyu. Wazee watauliza jina ni la nani. Msije mkakaa kimya namna hii.

Nkoile akamfungua mtoto mgongoni, akampa baba yake. Kiseyian akampokea, akamtazama usoni, akatabasamu kwa furaha aliyoibeba tangu mtoto azaliwe bila pa kuiweka. Akaita kwa sauti, mbele ya kijiwe chote:

– Naluwa!

Mtoto hakuamka. Aliyeitika ni VAR, akitaka lirudiwe.